Mikuki mezani: shajara ya kutunga kanuni za manaiti

Februari. Tatizo lenyewe

Kundi letu linacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014, na kampeni, yaani hadithi ndefu ninayowasimulia, imefika pale nilipokuwa nikipakwepa: mfalme ametangaza mashindano ya manaiti, wale wapiganaji wa farasi wa zama za kale, na nusu ya meza inataka kuingia uwanjani. Kwa vita vya kawaida kitabu kinatosha. Kwa watu wawili waliovaa deraya, kila mmoja akimkimbilia mwenzake kwa shoti na mkuki kwapani, hakitoshi hata kidogo.

Fuata kanuni kama zilivyoandikwa uone. Mkuki wa mpanda farasi unaumiza kwa dadu ya pande 12, unafika futi 10, adui akiwa ndani ya futi 5 unapiga kwa shida, na ukiwa chini unautumia kwa mikono miwili. Farasi unayemwongoza ana mambo matatu tu anayoweza kufanya: kuongeza mwendo, kujitoa kwa usalama au kujikinga. Basi, aliyepata zamu ya kwanza anakuja mbio, anachoma, anapita na kusimama huko mbele. Mwenzake muda wote huo ametulia pale pale juu ya tandiko anangoja zamu yake. Ikifika, naye anakuja mbio, anachoma, anapita. Hapo hakuna kugongana. Ni watu wawili wanaochomana kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, mpaka uhai wa mmoja ufike sifuri.

Zamu ndiyo adui wa mchezo huu. Kwenye mgongano wa kweli hakuna aliyetangulia: ncha mbili zinafika karibu kwa wakati mmoja, na kila mpandaji alishaamua atalenga wapi na atakaaje kabla hajamfikia mwenzake. Kwa hiyo kazi niliyojipa ni kutunga kanuni fupi, zinazoingia kwenye karatasi moja, za kuchomeka ndani ya kampeni bila kuivunja. Mapigo yafike pamoja, mchezaji awe na uamuzi wa kufanya, ustadi wa mhusika uhesabike, na farasi asiwe kiti chenye miguu.

Machi mwanzoni. Dadu peke yake haisemi kitu

Toleo la kwanza lilikuwa jepesi mno. Kila mmoja anarusha dadu ya pande 20, anaongeza ustadi wake, wote kwa mpigo mmoja. Aliyezidi amepiga, na tofauti ikifika 5 mwenzake yuko chini. Mchezo wa Pendragon, uliotoka mwaka 1985, unatumia mtindo wa kurusha kwa kushindana, na kule unakaa vizuri kwa sababu mchezo mzima umejengwa juu ya maisha ya manaiti: tabia zao, mapenzi yao, ukoo na urithi. Pambano ni kipande tu. Kwetu sisi pambano ndilo lilikuwa jioni nzima, na mrusho mmoja haukuweza kuibeba.

Kaka anayecheza paladini, yaani naiti wa dini, alishinda, akatazama dadu yake, akauliza: "Msimulizi, sasa mimi hapo nimefanya nini?" Hakuwa amefanya kitu. Toleo hilo nilililaza siku hiyo hiyo.

Nikarudi nyuma hadi 1971, kwenye Chainmail, kanuni za vita vya sanamu ndogo za Gary Gygax na Jeff Perren, ambazo Dungeons & Dragons ya 1974 ilichipuka kutoka humo. Ndani yake kuna jedwali la mikuki. Kila mchezaji anachagua kwa siri mahali pa kulenga, katika sehemu nane, na namna ya kujikinga, katika namna sita. Wanafichua pamoja, jedwali linatoa hukumu: umekosa, umeparuza, mkuki umevunjika, chapeo imeng'oka, umeanguka, umeumia. Dadu haiamui pigo. Na kuna ujanja mmoja mzuri sana ndani yake: baadhi ya mikao inakufungia baadhi ya shabaha. Ukiegemea upande mmoja kujiokoa, kuna sehemu za mwenzako ambazo mkuki wako hauwezi tena kuzifikia. Kujikinga kunagharimu.

Tuliijaribu kama ilivyo. Msisimko ulikuwepo, tena mkubwa. Dada anayecheza mwizi, ambaye huwa anachati wakati wengine wanapigana, aliweka simu chini. "Kaka, hii ni penalti," alisema, na sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Mpigaji ameshachagua kona, kipa ameshachagua upande, kilichobaki ni mpira kuguswa.

Lakini visanduku 48 ni vingi kwa mtu asiyevizoea; watu walisoma jedwali kuliko walivyotazamana usoni. Na ustadi wa mhusika haumo kabisa. Kijana aliyeokota mkuki jana ana nafasi sawa na bingwa wa mfalme. Kwa mchezo wa vita vya sanamu hilo halina neno. Kwa wahusika waliolelewa mwaka mzima, hapana.

Machi mwishoni. Kadi za manila

Toleo la sasa limezaliwa hapa. Nilichukua manila steshenari, nikaikata kadi ndogo sita kwa kila mpandaji: tatu za shabaha, tatu za mkao. Pande 20 nazo nimeziacha pembeni. Ndani ya uwanja tunatumia dadu mbili za pande 6, ambazo kila duka la michezo ya watoto linazo, na ambazo matokeo yake hujikusanya katikati. Bingwa anakuwa bingwa kweli, si mtu wa bahati.

Shabaha tatu ni hizi. Ngao, unahitaji kufikisha 7. Chapeo, unahitaji 9. Na ncha kwa ncha, yaani kuugonga mkuki wa mwenzako kwenye kichwa chake cha chuma, unahitaji 11. Unarusha dadu mbili, unajumlisha ustadi wako wa mkuki, ambao kwa wahusika wetu ni kati ya 0 na 4. Mtu asiye na ustadi wowote anaipata ngao kwa asilimia 58, chapeo kwa asilimia 28, ncha kwa ncha kwa asilimia 8. Mwenye ustadi wa 2 anaipata ngao kwa asilimia 83. Ukipungukiwa kwa 1 au 2 umemgusa tu, mkuki haukuvunjika; mguso unaandikwa pembeni kwa ajili ya kuamua sare. Zaidi ya hapo umekosa.

Mikao ndiyo iliyonichukulia muda, kwa sababu nilitaka kila mmoja uwe na bei yake, na bei hiyo itoke kwenye chuma chenyewe.

*Kaza*: unabana mapaja, unasimama juu ya vikuku, unakubali kupigwa. Unapata +2 ya kubaki juu ya tandiko.

*Egemea*: unajivuta pembeni. Anayelenga ngao yako anapunguziwa 3, lakini akikupata, wewe unapunguziwa 2 ya kubaki juu.

*Inua kichwa*: huu ndio ninaoupenda. Katika karne ya 15 palikuwa na chapeo za uwanjani zilizofungwa kwa skurubu kifuani na mgongoni, zenye mdomo wa chini uliotokeza mbele kama taya, na mwanya mmoja mwembamba wa kuonea. Mpandaji alikimbia akiwa ameinamia mbele, maana bila kuinama haoni kitu. Nukta ya mwisho alijinyoosha, mwanya ukatazama mbinguni, na ncha ya adui ikakuta chuma kitupu. Macho yamepona. Ila katika nukta hiyo hiyo haoni tena anakopiga. Kwa hiyo mezani: anayelenga chapeo yako anapunguziwa 2, na hakuna kibanzi kinachoweza kukupata usoni, wewe nawe unapunguza 2 kwenye pigo lako.

Ukipigwa, unarusha dadu mbili, unaongeza ustadi wako wa kupanda na mkao wako, na unahitaji kufikisha 6 pamoja na ile ziada aliyopata mpigaji juu ya alichohitaji. Usipofika, umeanguka.

Huu hapa mgongano mmoja wa majaribio, kama ulivyokwenda. Paladini ana ustadi wa mkuki 2 na wa kupanda 2. Naiti wangu mweusi ana mkuki 3. Kadi kifudifudi mezani, mbili mbili. Paladini aliigonga yake kwa kidole mara kadhaa kama anayetaka kuibadili, akaiacha. Fichua. Yeye: chapeo na kaza. Mimi: ngao na inua kichwa. Dadu zake zikatoa 9. Ongeza 2 za ustadi, toa 2 za kichwa changu kilichoinuka, inabaki 9. Imefika kamili, mkuki umevunjika kwenye chapeo. Zangu zikatoa 7. Ongeza 3, toa 2 kwa sababu sioni, inabaki 8, nami nimeipata ngao yake kwa ziada ya 1. Anahitaji 7 kubaki juu. Akarusha 4, ongeza 2, ongeza 2 za kukaza: 8. Anayumba, habanduki. Meza ilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Niliandika hesabu zote hizo hapa kwa makusudi, maana kwenye karatasi zinaonekana nyingi. Mezani zinakwisha kabla chai haijapoa.

Aprili. Alama: kanuni za 1466 zinatosha

Nilitaka kutunga mfumo wa alama, nikakuta umeshatungwa. Mwaka 1466, kwa amri ya Mfalme Edward IV wa Uingereza, John Tiptoft, kabaila mwenye vyeo vya Earl wa Worcester na Konstebo wa nchi, aliandika kanuni za mashindano ya mikuki. Ukizisoma unaweza kudhani ni za mchezo wa mezani, kwa jinsi zinavyohesabu kila kitu.

Mkuki uliovunjwa kati ya tandiko na kifungo cha chapeo unahesabiwa mmoja. Uliovunjwa kuanzia kifungo hicho kwenda juu unahesabiwa miwili. Uliomwangusha mtu, au uliomharibia zana asiweze kukimbia duru inayofuata, unahesabiwa mitatu. Mkuki uliovunjika karibu sana na ncha, ndani ya futi moja, si mkuki uliovunjika. Unahesabiwa mguso mzuri. Anayekutanisha ncha kwa ncha mara mbili anapata tuzo. Anayegonga uzio unaowatenganisha wapandaji anapunguziwa miwili, akirudia anapunguziwa mitatu. Anayempiga farasi hapati tuzo kabisa, vivyo hivyo anayempiga mtu aliyempa mgongo au asiye na mkuki.

Nimezichukua karibu zote. Nyongeza yangu ni moja: dadu zikitoa 1 na 1, umegonga uzio. Nafasi yake ni moja kati ya 36, kwa hiyo hutokea nadra, na ikitokea kila mtu anaikumbuka.

Uzio wenyewe ni jambo la karne ya 15. Kabla ya hapo walikimbiliana uwanjani bila kitu katikati, na farasi waliweza kugongana vifua. Kwanza ulikuwa kitambaa kilichotundikwa kwenye kamba, baadaye ukawa wa mbao. Uzio ukikuwekea adui upande wako wa kushoto, mkuki ulio mkono wa kulia unapita juu ya shingo ya farasi kwa pembe, na pigo la pembe huvunja mti kirahisi zaidi kuliko linavyomng'oa mtu. Ndiyo maana alama zilihamia kwenye kuvunja mikuki. Kwenye kampeni nimefanya iwe tofauti ya mahali: mji mkuu una uzio, mikoani hakuna.

Kuweka alama tunatumia karatasi iliyopigwa mistari. Uingereza ya Henry VIII walifanya hivyo hivyo, na baadhi ya karatasi hizo zipo hadi leo: mstatili wenye mistari, na kijistari kifupi kwa kila mkuki uliovunjika. Idadi ya duru ni tatu. Anayeongoza baada ya tatu ameshinda, sare inaamuliwa kwa miguso.

Tiptoft mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1470. Inasimuliwa kwamba alimwomba mnyongaji atumie mapigo matatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Mtu wa kanuni mpaka dakika ya mwisho.

Aprili. Farasi ana neno lake

Mezani kwetu hakuna aliyewahi kupanda farasi kwa shoti. Yupo mmoja aliyekulia Lamu, naye amepanda punda tangu utotoni. Alinisikiliza nikieleza kwamba farasi anakwenda anakoelekezwa, akatikisa kichwa. "Bwana wee, mnyama akiona kitu hakipendi, hatamu ni kamba tu."

Alikuwa na haki, na maandiko ya zamani yako upande wake. Froissart, mwandishi wa historia wa zama hizo, alipoeleza mapambano ya Saint-Inglevert karibu na Calais mwaka 1390, ambako naiti Mfaransa Boucicaut na wenzake wawili waliwangoja wote waliotaka kupambana nao kwa siku 30, anarudia mara kwa mara kwamba wapandaji walikosana kwa sababu farasi walikengeuka. Hawa walikuwa mabingwa wa zama zao, na bado farasi ndiye aliyeamua.

Kwa hiyo kabla kadi hazijafichuliwa, kila mmoja anarusha dadu mbili na ustadi wa kupanda, anahitaji 7. Akikosa, farasi wake amekengeuka na mapigo ya wote wawili yanapunguziwa 2, maana umbali kati yao umeongezeka. Pasipo uzio, na wote wawili wakikosa, farasi wamegongana: kila mpandaji anarusha ya kubaki juu, na farasi mmoja anaweza kuvunjika mguu. Kila farasi ana tabia moja. Mtiifu anakupa +1 kwenye mrusho huu. Mwoga anakunyima 1. Mkali anakunyima 1 vile vile, lakini akikubali kwenda mbele anakupa +1 kwenye pigo. Wachezaji wote wametaka mkali. Sijashangaa.

Kwa wanaochora picha: farasi wa vita wa kweli hakuwa jitu. Mifupa iliyochimbwa Uingereza inaonyesha kwamba wengi wa zama hizo hawakufika hata sentimita 148 begani. Na ile picha ya naiti anayeinuliwa kwa winchi kuwekwa juu ya tandiko ni uzushi. Deraya ya vitani ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, umesambaa mwili mzima, na mtu aliyezoea alipanda mwenyewe. Ile ya uwanjani ya Kijerumani, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, iliweza kupita kilo 40. Hiyo ndiyo nzito, na haikuwa ya kutembelea.

Mei mwanzoni. Vibanzi

Swali lililobaki lilikuwa hatari. Ncha za mashindano ya amani zilikuwa na meno matatu au manne mafupi, ili zishike chuma bila kupenya. Nikiifanya michezo hii iue kila mara, hakuna mchezaji atakayeingia. Nikiiondolea kifo kabisa, inakuwa maonyesho.

Jibu langu linatoka Paris, tarehe 30 Juni 1559. Henri II wa Ufaransa alikuwa akisherehekea amani na Hispania pamoja na harusi mbili za nyumbani kwake, na uwanja uliwekwa katika barabara ya Saint-Antoine. Alikuwa amekimbia vya kutosha, lakini alitaka duru moja zaidi na Gabriel de Montgomery, kapteni wa walinzi wake wa Kiskoti. Montgomery aliomba asamehewe. Mfalme akasisitiza. Mkuki wa Montgomery ulivunjika, na kibanzi kikaingia kwenye chapeo ya mfalme juu ya jicho. Ambroise Paré na Andreas Vesalius, matabibu mashuhuri kuliko wote wa karne ile, walifika kitandani kwake, na hata vichwa vya wahalifu waliokwisha kunyongwa vilitumika kupima jeraha linavyokwenda. Mfalme alikufa tarehe 10 Julai.

Hakuna aliyekusudia. Hakuna pigo la siri. Mti ulivunjika kama unavyotakiwa kuvunjika, ila kipande kimoja kilikwenda pabaya.

Kanuni basi: mkuki ukivunjika kwenye chapeo, na dadu za mpigaji zikiwa zimetoa 6 na 6, kibanzi kimepata mwanya, isipokuwa kama aliyepigwa alikuwa ameinua kichwa. Hapo tunarejea kwenye kanuni za kawaida: anajiokoa kwa dadu ya pande 20 na uimara wake wa mwili, anahitaji 15. Akishindwa, jicho limekwenda na maisha yako mashakani, na uchawi wa kawaida wa kuponya unafunga damu bila kurudisha jicho. Katika majaribio halijatokea bado, lakini tangu niisome kanuni hii mbele yao, kadi ya *inua kichwa* imeanza kutumika sana duru ya tatu, hasa na wanaoongoza. Hicho ndicho nilichokitaka.

Nimeongeza pia haki ya kukataa. Mtu anaweza kuomba asamehewe duru ya ziada. Ukimlazimisha kwa cheo chako na ukaumia, ni juu yako mwenyewe. Hakuna mahakama katika ufalme wetu itakayomhukumu. Montgomery hakuadhibiwa kwa pigo lile, ingawa miaka 15 baadaye alikatwa kichwa kwa mambo mengine.

Mei. Fidia, au namna ya kuzuia utajiri wa ghafla

Mshindi anachukua nini? Karne ya 12 jibu lilikuwa wazi: farasi na deraya ya aliyeshindwa, au fidia yake. Wakati huo uzio haukuwepo na mashindano yalikuwa makundi mawili yakipigana mashambani kutwa nzima, lakini biashara ilikuwa ile ile. William Marshal, aliyezaliwa bila urithi wa maana, alijitajirisha hivyo. Aliingia ubia na naiti mwenzake, Roger de Gaugi, wakagawana mapato, na karani wa jikoni aitwaye Wigain aliandika kwamba katika msimu mmoja waliteka manaiti 103. Karani wa jikoni! Mtu wa hesabu za mikate na nyama ndiye aliyetuhifadhia rekodi.

Marshal huyo huyo, mashindano yalipokwisha huko Pleurs, alitafutwa akabidhiwe tuzo, samaki mkubwa, asionekane. Walimkuta kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi akiipiga chapeo kwa nyundo na kuifungua kwa koleo, kwa sababu ilikuwa imebonyezwa hadi haivuki masikio. Samaki akakabidhiwa hapo hapo. Tukio hilo nimeliingiza kwenye kampeni bila kulibadili, na mhunzi sasa ni mhusika anayependwa kuliko mfalme.

Tatizo ni bei za kitabu. Kwa kanuni za 2014 farasi wa vita ni dhahabu 400 na deraya kamili ni 1,500. Kijana wa ngazi ya tatu akishinda mapambano matatu anaondoka na 5,700, na mpango wangu wote wa kampeni unakufa. Nimepunguza hivi: mshindi anachagua farasi, au fidia ya nusu ya thamani ya deraya, na fidia inalipwa kwa ahadi, si papo hapo. Aliyeshindwa anatoa neno lake mbele ya wapiga mbiu na anakwenda kutafuta pesa. Matokeo yake yamenifurahisha kuliko hesabu yenyewe: sasa kuna manaiti watano nchini wanaodaiwa na paladini wetu, wawili kati yao wanamkwepa, na mmoja amempa binti yake barua ya kuomba muda. Sihitaji tena kubuni safari za pembeni.

Mei mwishoni. Nje ya uwanja

Vitani kadi hazifai. Watu ni wengi mno. Nilichobeba kutoka uwanjani ni wazo moja tu, ambalo Pendragon pia inalo: nguvu ya mkuki uliobanwa kwapani ni ya farasi, si ya mkono. Deraya za mwishoni mwa karne ya 14 zilianza kuwa na kishikio cha chuma kifuani cha kuzuia mkuki usirudi nyuma, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kupeleka uzito wa mnyama mpaka kwenye ncha.

Kwa hiyo ukiwa na hatua 20 za kukimbia kwa mstari ulionyooka, unaacha dadu ya pande 12 na nguvu za mkono wako, unatumia za farasi: dadu mbili za pande 6 kwa farasi mwepesi, tatu kwa farasi wa vita. Dadu zozote mbili zikilingana, mkuki umevunjika. Kwa farasi mwepesi hiyo ni nafasi moja kati ya sita, kwa farasi wa vita ni asilimia 44. Mnyama mwenye nguvu zaidi anakula mikuki zaidi, kama inavyopasa. Bila hatua 20, huna shambulio, una mtu juu ya farasi mwenye mti mrefu unaomsumbua. Vuta upanga.

Askari wa miguu waliosimama bega kwa bega wakinyoosha mikuki: farasi anarusha mrusho wake kwa kupunguziwa 4, akikosa anasimama au anageuka. Kundi letu lililalamika kwamba ni kali. Mwaka 1302 huko Courtrai, mafundi na wafumaji wa Flandria waliwazuia manaiti wa Ufaransa kwa njia hiyo hiyo, kisha wakaokota uwanjani vyuma vya dhahabu vya visiginoni, vile vya kuchokolea farasi, wakavitundika kanisani. Kanuni inabaki.

Wanyama wenye mabawa nimewaweka kando. Wakiwa angani hakuna uzio, hakuna mstari, na anayeanguka hahitaji jedwali.

Hali ya sasa na yanayofuata

Karatasi imejaa pande zote mbili, maandishi madogo. Kadi za manila zimeanza kupinda kona na mtu makini anaweza kuzitambua kifudifudi, kwa hiyo zinazofuata nitazitoa kopi kwenye karatasi ngumu na kuzipitisha leminesheni. Dadu za farasi nimezipaka rangi nyekundu zisichanganyike na za pigo.

Bado sijaridhika na *egemea*. Dhidi ya mtu mwenye ustadi wa 4 haisaidii vya kutosha, na dhidi ya mtu mwenye 0 inamfanya akose karibu kila mara. Nitajaribu kupunguza 2 badala ya 3, na kumfungia anayeegemea kadi ya chapeo, kwa mtindo wa lile jedwali la 1971.

Uchawi nao. Dada anayecheza mwizi ameshauliza kama anaweza kuuloga mkuki wa paladini usivunjike karibu na ncha. Nimejibu kwamba wapiga mbiu wana mchawi wao mzee anayekagua kila mkuki kabla ya duru ya kwanza. Akauliza mzee huyo analipwa kiasi gani kwa mwezi, na kama ana watoto wanaosoma.